Mvule wa Parseli ya Tshopo

Kisangani, tarehe 12 Februari 1967

Ndugu yangu Amuri,

Salamu zangu zikufikie wewe, zimfikie Safi mtoto wako, na jamaa wote wa Barumbu waliokupa mahali pa kuweka randa na misumeno yako. Mimi yaya wako, kaka yako mkubwa, nipo. Ninasema nipo kwa sababu kusema "mzima" kungekuwa kujisifu. Miguu inavimba kila alasiri, na muuguzi wa dispansari akishanisikiliza moyo huwa anatazama dirishani kwanza kabla hajanitazama mimi.

Nyumba ya Kabondo bado imesimama. Mama Odile, yule mjane wa jirani anayeuza lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa moshi asubuhi, ndiye anayenipikia. Hataki shukrani. Anaweka sahani, anasema: "Kula, papa. Ukikufa na njaa watu watasema ni mimi." Jina la mji limebadilika, kama ulivyosikia, na mkono wangu bado unataka kuandika Stanleyville. Ukiona mahali nimefuta, ujue ni hapo.

Sasa jambo lenyewe. Unaikumbuka kanuni ya miti. Kila mti ndani ya mji ambao shina lake, likizungushiwa kamba kwenye usawa wa kifua, linafika mita tatu, ule haukatwi, wala hakuna anayejenga ndani ya mita kumi kutoka shinani. Miaka kumi na moja nilikuwa karani wa kanuni hiyo. Nilitembea mji mzima na kamba yangu na daftari, nikipigilia vibati vya namba. Kibati namba 38 ndicho kilichokuzuia wewe mwaka 1959. Ule mvule ulikuwa katikati ya parseli, kile kiwanja ulichopewa Tshopo, na parseli yenyewe mita kumi na tano kwa ishirini tu. Ukishatoa mita kumi kila upande hapabaki pa kuweka hata banda la kuku.

Komini, serikali yetu ya mtaa, imetoa tangazo. Kila aliyenyimwa kujenga kwa ajili ya mti kabla ya uhuru anaweza kudai tena parseli yake. Mti utapimwa upya. Ukipungua mita tatu, mwenye parseli anajenga. Lakini aje mwenyewe, kwa miguu yake, aweke sahihi mbele ya karani kabla ya tarehe 31 Agosti. Asipofika, parseli inauzwa, na tayari kuna mfanyabiashara wa kahawa anayepita pale kila wiki akihesabu hatua.

Njoo, Amuri. Vipimo vya zamani vilikuwa na makosa mengi, huwezi kujua. Njoo na mtoto. Ana miaka saba, ana jina la mama yetu, nami sijui hata sauti yake.

Yaya wako,
Abdulhamid


Barumbu, tarehe 9 Aprili 1967

Yaya Abdulhamid,

Nakusalimu kwa heshima. Barua yako ilichukua wiki tano. Cyprien aliibeba kwenye meli, yule mjomba wa marehemu Germaine anayeshughulikia mizigo, lakini meli ilikwama kwenye mchanga chini ya Isangi wakangoja maji. Aliponipa alisema, "Imekauka kama samaki wa chumvi, makayabu, lakini iko."

Huku tunaendelea. Samaki si wabaya mwaka huu. Ninachonga mtumbwi wa mita kumi na moja kwa ajili ya wavuvi wa juu, kazi ya miezi miwili. Safi ameng'oka meno ya mbele. Nilipomwambia papa mukubwa wa Kisangani ameandika, aliuliza: "Yeye iko na meno ngapi?" Nikasema sijui. Akasema basi niandike nikuulize. Nimeandika.

Miguu yako imenisumbua moyoni. Weka majani ya mpapai yaliyopashwa moto, na usikae sana kwenye kiti kile cha mbao nilichokutengenezea, ni kirefu, kinabana damu. Kata miguu yake kwa vidole vinne.

Kuhusu parseli: siitaki. Nina mahali hapa, na kaburi la Germaine mke wangu liko hapa.

Tena kuna kitu sikukielewa. Uliandika ule mti utapimwa upya, labda utapungua. Yaya, ninafanya kazi ya mbao tangu nina miaka kumi na sita. Nimeona mti ukioza, nimeona mti ukipasuka, nimeona mti ukianguka bila upepo. Sijaona mti ukikonda.

Kama kuna neno lingine, liandike. Huko Kisangani karatasi ziko nyingi.

Mdogo wako,
Amuri


Kisangani, tarehe 3 Mei 1967

Mdogo wangu Amuri,

Mwambie Safi nina meno tisa, na mawili kati yake yananidanganya. Mwambie pia kwamba nimefurahi mtu kuniuliza jambo ambalo ninaweza kulijibu.

Kiti nimekikata kama ulivyosema. Mama Odile alishika msumeno, mimi nikatoa maelekezo, na sasa kinayumba. Tumetia kipande cha sabuni chini ya mguu mmoja. Ungeona ungecheka, au ungekasirika jinsi fundi anavyokasirika. Yote mawili ningeyapokea. Majani ya mpapai yanasaidia kidogo. Wanamgambo wa komini hawapiti tena usiku, na bei ya mafuta ya mawese imeshuka kwa sababu mitumbwi ya Yanonge inafika.

Juzi alikuja hapa Hubert, karani mpya wa viwanja. Ni kijana mwenye adabu. Aliketi barazani, akafungua daftari langu la zamani, lile lile, ambalo watu waliopora biro, ofisi yetu ya zamani, mwaka 1964 hawakulitaka kwa sababu halikuwa na kurasa tupu.

"Papa," akasema, "kila ukurasa iko na sahihi yako. Sisi hatuna ata mita ya utepe, walibeba yote. Basi alors, ukiniambia namba ya huu mvule iko sawa, mi napiga tampon, muhuri ya komini, tunamaliza."

Mama Odile alikuwa anachambua pondu, majani ya mihogo. Akauliza bila kuinua kichwa: "Na akisema haiko sawa?"

Hubert akacheka sana. "Papa Abdulhamid? Mama, huyu mutu alipima miti ya mji muzima kwa baiskeli. Wazungu wenyewe walikuwa wanamuogopa. Huyu hajakosea."

Nilimwambia arudi mwezi wa saba, miguu ikipata nguvu tutakwenda pamoja. Alikubali. Alipoondoka Mama Odile alinitazama kitambo, akasema lituma yangu inapoa.

Amuri, umenitaka niandike neno lingine. Nina swali kwanza. Miaka miwili na zaidi imepita, na sijakuuliza namna Germaine alivyokufa. Uliniletea habari kwa mistari miwili, nami nikajibu kwa mistari minne ya rambirambi. Sikusahau kuuliza. Niliogopa. Leo ninauliza.

Yaya wako,
Abdulhamid


Barumbu, tarehe 11 Juni 1967

Yaya,

Salamu. Safi amefurahi kwa meno tisa. Anasema yeye anakushinda, ana kumi na saba. Mtumbwi nimeumaliza, umeteremshwa majini Jumamosi, hauvuji.

Kiti usiweke sabuni. Weka kigae.

Umeuliza, nakujibu mara moja tu.

Januari 1965 jeshi lilipokuwa linapanda mto, watu wa Barumbu tuliingia msituni. Waasi walikuwa wamepita mbele yetu, wanajeshi nyuma yetu, na kila mmoja alisema sisi ni watu wa mwenzake. Tulikaa siku kumi na tisa. Tulikula mihogo michungu ambayo haikulowekwa vizuri. Germaine alikuwa na homa kuanzia siku ya kumi na moja. Safi alikuwa bado mdogo, miguu haikuweza safari ile, ikabidi nimbebe mimi. Dispansari ilikuwa tupu, mganga wake alikuwa amekimbia kama sisi. Tulipotoka msituni Germaine alitembea mwenyewe mpaka mtoni. Akafa siku ya pili, mchana, watu wanatengeneza paa.

Kabla ya hapo alizungumza habari za Kisangani. Alisema, "Kule tungekuwa karibu na hospitali." Nikamwambia kule watu walikuwa wanapigwa risasi barabarani. Hakubisha. Halafu akaniuliza: "Amuri, mi nilimukosea yaya yako nini?"

Sikumjibu. Hakuuliza tena.

Swali hilo sikuwa na haki ya kulijibu. Ni lako. Nakukabidhi.

Amuri


Kisangani, tarehe 19 Julai 1967

Amuri, mdogo wangu,

Barua yako niliipata tarehe pili mwezi huu, nikaisoma mara moja, nikaikunja. Nilisema nitajibu nikipata nguvu. Tarehe tano asubuhi risasi zilianza. Mtakuwa mmesikia huko: askari wa kukodiwa waliasi, waliushika mji siku nane hivi, kisha wakaondoka kwa barabara, na nyuma yao wakaja wengine kupora kilichobaki. Kabondo tumepoteza majirani watatu. Mimi na Mama Odile tulilala chini ya meza ya chakula, wazee wawili, vichwa upande huu na miguu upande ule. Siku ya nne aliniambia: "Papa, watu wakitukuta hivi, watasema nini?" Nikacheka mpaka nikakohoa, naye akaniziba mdomo kwa kanga.

Ninakuambia haya ujue kwamba sikuogopa kufa. Nilichoogopa chini ya ile meza ni kufa nikiwa nimefunga mdomo. Kwa hiyo soma polepole, na kama Safi yuko karibu, mtume akacheze.

Ule mvule haukuwa na mita tatu. Ulikuwa na mita mbili na sentimita kumi na tatu. Niliupima mimi mwenyewe Machi 1959, peke yangu, mara mbili. Kisha nikaandika tatu mahali pa mbili. Shefu wetu Mbelgiji alitia sahihi bila kuinua macho, kwa maana kwa miaka yote hakuwahi kuona kosa langu. Serikali haikukunyima parseli, Amuri. Ni mimi.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza miaka minane, na kila mwaka jibu limekuwa fupi zaidi.

Mama alipokufa ulikuwa na miaka minne, mimi ishirini na minne. Nilikuosha, nikakulisha, nikakupeleka kwa fundi Mswahili wa mtaani ujifunze kushika randa, kwa kuwa herufi ulizikataa mpaka ulipokuwa mkubwa. Ulichelewa kuoa, na mimi sikukuharakisha. Mke wangu Asha alipofariki mwaka 1956 bila kuniachia mtoto, tulibaki wawili ndani ya nyumba ile, na sauti ya msumeno wako uani ndiyo iliyonijulisha kwamba kumekucha. Halafu ukaja siku ile na Germaine na karatasi ya parseli. Ulikuwa na furaha. Ulisema, "Yaya, usiwe na wasiwasi, nitakuja kila Ijumaa."

Kila Ijumaa! Kama mgeni. Kama mtu anayekuja kuangalia mzee kama bado anapumua.

Kesho yake nilipanda baiskeli. Nilifikiri hivi: akikosa parseli, atabaki. Tutaongeza chumba upande wa jikoni, Germaine atazoea, watoto watazaliwa hapa. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na mwashi, nimechagua hata mahali pa dirisha. Sikuwaza kabisa kwamba mtu aliyenyimwa mahali pa kujenga hajengi ndani ya huzuni ya mwingine, anaondoka. Kutoka Kabondo mpaka Tshopo ni nusu saa kwa baiskeli. Nilizuia nusu saa, nikapata siku tatu za meli.

Siku mnaondoka, pale bandarini, uliniambia: "Basi, serikali imekataa." Nami nikajibu, "Sheria ni sheria." Nilisema maneno hayo nikiwa nimekushika bega. Kati ya yote, ni hayo yanayonirudia.

Na ujue ilikuwa kanuni njema. Niliipenda. Bila hiyo, mji wote leo ungekuwa mabati na jua. Nimelinda miti sitini kwa ukweli, na mmoja kwa uwongo, na huo mmoja ndio umenila.

Swali la Germaine. Hakunikosea. Nilimwonea wivu, mimi mtu mzima mwenye mvi. Si kwa dini yake, si kwa kabila lake, ingawa najua mlifikiri hivyo, na nikawaacha mfikiri kwa kuwa ilinisitiri. Siku ile aliponiletea samaki kutoka kwao Barumbu, akapiga goti kuweka sufuria, nilimwambia nimeshakula. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Ninaweza kuandika haya. Kumwambia yeye siwezi tena, na hapo hakuna daftari la kusahihisha.

Juzi Hubert amerudi. Nilimwambia yote hapa barazani. Aliinuka, akakaa tena.

"Papa," akasema, "unataka mi niandike kwamba karani muzee alidanganya? Watu wakisikia huu moja ulikuwa wa uwongo, kesho kila mutu atakuja na shoka: wangu pia, wangu pia! Muti gani itabaki?"

Hilo sikuwa nimelifikiri. Nilidhani ukweli wangu utanigharimu mimi peke yangu. Mwishowe nikasema, "Basi tuipime yote upya. Kila mtu aone kwa macho yake." Nilimpa kamba yangu ya kazi, ile yenye fundo kila mita na alama za sentimita. Mama Odile alikwenda akamtoa mpwa wake na pusupusu yake, mkokoteni wa kubebea mihogo, wakaniweka ndani yake juu ya gunia, na tangu jana nazungushwa mjini kama mzigo wa mihogo. Watoto wanapiga kelele: "Papa wa miti amekuwa chakula!" Ukiacha ule wako, tumepima minne. Yote ni kweli, yote imepita mita tatu, na kila mmoja umeongezeka sentimita kadhaa.

Ule wako tulianza nao. Una mita mbili na sentimita thelathini na moja. Nimetia sahihi mbele ya mashahidi wawili kwamba mwaka 1959 niliandika uwongo, kwa mkono wangu, bila kulazimishwa. Sasa mti hauna ulinzi. Ukifika kabla ya tarehe 31 Agosti, parseli ni yako, na mvule ni wako pia, kuukata au kuuacha. Usipofika, mfanyabiashara wa kahawa ataukata Septemba. Amekwisha kusema hivyo wazi, alikuwa pale akitazama kamba.

Sikuombi unisamehe habari za Germaine. Ninakuomba uje. Njoo unitukane uso kwa uso. Matusi ya kwenye karatasi siyasomi vizuri tena, macho yamechoka, na ningependa nisipoteze hata moja. Muuguzi sasa hatazami dirishani. Ananitazama mimi, na hiyo ni mbaya zaidi.

Yaya wako, ikiwa bado unaniita hivyo,
Abdulhamid


Barumbu, tarehe 14 Agosti 1967

Yaya Abdulhamid,

Barua yako ilifika tarehe kumi. Nimeanza kukujibu mara tatu na nimechana mara tatu. Hii ya nne nitaimaliza hata ikiwa mbaya. Kwanza namshukuru Mungu kwamba risasi zilikupita, na umsalimu sana Mama Odile, yeye na meza yake.

Sasa nikuambie. Nilijua.

Nilijua tangu juma lile lile la 1959. Ulinifundisha wewe kupenda kazi, kazi ikanifundisha kuona. Fundi hahitaji kamba kuujua mti. Lakini nilisema labda jicho langu linanidanganya kwa sababu ya hasira, kwa hiyo Jumapili nilikwenda Tshopo na Germaine. Tuliukumbatia mvule, mimi upande huu, yeye upande ule, tukashikana mikono. Tukaendelea kuvuta. Mikono yangu ilipita mikono yake mpaka nikashika viwiko vyake, na bado ikabaki. Watu wawili hawapishani hivyo kwenye mti wa mita tatu. Germaine alicheka, hakuelewa, alifikiri ni mchezo wa wachumba. Mimi nilielewa. Niliweka shavu kwenye gome nikakaa hapo mpaka akaniuliza kama naumwa.

Sikumwambia. Nilifikiri umefanya hivyo kwa sababu yake, kwamba hukumtaka mwanamke wa mtoni, Mkristo, ndani ya jamaa yetu. Nikaona afadhali aamini serikali imekataa kuliko ajue shemeji yake amekataa. Lakini alihisi. Mwanamke aliyewekewa sufuria pembeni anahisi.

Utauliza na wewe kwa nini sikukuambia. Nani alinilea? Ulinichapa mara moja tu maishani, nilipokuwa na miaka tisa, kwa kumwambia mzee wa jirani kwamba anasema uwongo. Ulisema mkubwa haambiwi hivyo. Unamngoja, mwenyewe atarudi kwenye neno lake. Nikakungoja. Pale bandarini uliponishika bega niliwaza, sasa atasema. Ukasema sheria ni sheria. Nikapanda meli. Na huku nimekungoja miaka minane, na kila barua yako nilikuwa naisoma kwanza mwishoni, nione kama imo.

Cyprien alikuwa hapa nilipokuwa nasoma. Alinilazimisha nimweleze. Aliposikia yote alipiga paja akasema: "Yaani yeye alidanganya, na wewe ulijua, na mwanamuke wetu katikati hajui kitu? Mko wajinga wawili, mutu na yaya yake. Ata mbuzi wangesemezana." Nilitaka kumpiga. Kisha nikaona ni kweli. Germaine aliniuliza siku ya mwisho, nami nilikuwa na jibu, hata kama lilikuwa jibu la makosa. Ningemwambia, labda yeye angelisahihisha. Alikuwa mwerevu kuliko sisi. Kwa hiyo deni la kunyamaza si lako peke yako. Ninasema hivi si kwa kukupunguzia. Ninasema kwa sababu umeandika kweli yako yote, na mimi sitaki kubaki na yangu.

Sijakusamehe. Nimejaribu siku hizi nne, haikuja. Labda itakuja nikikuona ulivyokonda. Labda haitakuja. Nisikudanganye.

Habari za parseli. Mwambie Hubert aweke jina langu, nitatia sahihi. Mvule siukati. Nitajenga chumba kimoja na baraza upande wa barabara, kwenye ile kona ya chini. Mizizi ya mvule naijua inakopita, nitaweka nguzo katikati yake, sitachimba msingi. Tena nataka Hubert aandike kwenye karatasi yangu kwamba mwenye parseli mwenyewe, kwa hiari yake, amekataza mti huu usikatwe, iwe una mita tatu au haujafika. Na baada yangu Safi, na atakayemuoa Safi, wafungwe na neno hilo. Akisema hakuna fomu ya namna hiyo, mwambie achukue karatasi tupu. Wewe utamtungia maneno, ulikuwa hodari. Safari hii andika namba sawasawa.

Mfanyabiashara wa kahawa akija kuhesabu hatua zake, Mama Odile ammwagie maji ya pondu.

Nimeuza mtumbwi mdogo. Vyombo vyangu vya kazi nimevifunga kwenye sanduku moja, vingine nimemwachia mtoto wa dada yake Germaine. Kaburi nimelizungushia uzio wa mbao ngumu, utadumu mpaka nirudi kulitazama, na nitarudi kila mwaka, hilo ulijue kabisa. Safi anaogopa meli na anaitamani. Ameuliza kama papa mukubwa anapiga watoto. Nimesema alipiga mara moja, akajuta. Sijui kama ulijuta, nimekusemea.

Meli ya Cyprien inapanda tarehe ishirini. Atampa karatasi hii abiria wa mtumbwi wa mota anayetangulia kesho, kwa hiyo utaipata kabla yetu.

Mpaka hapo, yaya, kula. Lala. Usizungushwe tena kwenye pusupusu, miti mingine ingoje. Na usiniandikie tena. Barua yako itafika Barumbu, na haitatukuta.

Mdogo wako,
Amuri